Kurejesha Makazi Si Lazima Kupanda Miti

Siku hizi ukitaja kurejesha makazi ya wanyamapori, watu wanakimbilia miche. Picha inayokuja kichwani ni ya mgeni rasmi kashika koleo, shimo lililochimbwa tangu jana, na makofi. Sina ugomvi na miche. Kinachonikera ni kuona dhana nzima imebanwa humo, hadi msomaji akisikia kwamba kuna nchi ambako wahifadhi wanaangusha miti kwa makusudi ili kumwokoa sungura, anaona ni utapeli. Na likiongezwa neno "kwa hiari", anadhani ni kazi ya bure ya watu wenye huruma. Hayo yote mawili yanapotosha, la kwanza zaidi.

Maana yenyewe ni fupi. Kurejesha makazi kwa hiari ni mwenye ardhi kukubali, bila kushurutishwa, kuirudisha ardhi yake katika hali ambayo mnyama fulani anaweza kula, kujificha na kuzaa humo. Uzito uko kwenye "mnyama fulani". Ardhi inayomfaa mmoja inaweza kuwa jangwa kwa mwingine, hata kama ni ya kijani kibichi.

Chukua sungura wa New England, huko kaskazini mashariki mwa Marekani, ambaye wanasayansi humwita Sylvilagus transitionalis. Usimfananishe na sungura wetu wa porini, yule mwenye masikio marefu anayelala kwenye nyasi na kutegemea miguu yake. Huyu hutegemea kichaka. Anataka vichaka vilivyosongamana, vyenye miiba na matawi ya chini, na hapendi kabisa kutoka nje yake. Tangu 1960 eneo anakopatikana limepungua kwa asilimia 86, na amebaki kwa mafungu mafungu katika Maine, New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, Connecticut na upande wa mashariki wa jimbo la New York.

Nyumba na barabara zimechangia, hilo halina ubishi. Lakini sababu nyingine kubwa ni kwamba msitu umekua. Katika karne ya 19 wakulima wengi wa huko waliyaacha mashamba yao yenye mawe, wengine wakafuata ardhi nzuri ya magharibi, wengine wakaenda viwandani. Mashamba yakawa vichaka, na sungura akaneemeka. Kisha vichaka vikawa miti. Ukitembea leo katika misitu ya New England utakuta kuta za mawe zimepita katikati ya miti mirefu; zilikuwa mipaka ya malisho na mashamba. Mti ukishatanda juu, jua halifiki chini, vichaka vinakufa, na baada ya miaka 20 hadi 25 hivi sakafu ya msitu inabaki majani makavu na nafasi wazi. Kwa macho yetu pamependeza. Kwa sungura ni uwanja wa kuliwa.

Hapo zamani moto, tufani, mafuriko na mabwawa ya beva, mnyama wa mtoni anayekata miti na kuziba maji, vilikuwa vinafungua msitu mahali hapa na pale, vichaka vikachipua upya. Moto sasa unazimwa, mito imedhibitiwa, na nyumba zimejaa pembeni. Kilichokuwa kikifanywa na maumbile hakifanyiki tena chenyewe, kwa hiyo inabidi mtu akifanye kwa msumeno.

Ukubwa wa kichaka nao una maneno yake. Watafiti waliowafuatilia sungura hawa New Hampshire waliona kwamba walioishi kwenye vichaka vya hekta 2.5 au pungufu walikuwa wepesi zaidi kwa uzito, walikula chakula hafifu na waliliwa zaidi na mbweha, koyote (mnyama wa Amerika wa jamii ya mbwa) na bundi. Sababu ni rahisi kuielewa. Wakati wa theluji sungura hula vijiti na magome ya miti. Ukikagua kichaka utaona ncha za vijiti zimekatwa mshazari, safi kama kwa kisu, tofauti na paa wa huko ambaye huzichana. Kichaka kikiwa kidogo, vijiti vinaisha kabla theluji haijaisha. Analazimika kutoka, naye habadiliki rangi kuwa mweupe kama binamu yake mkubwa wa maeneo hayo. Ni kitu cha kahawia juu ya weupe. Unaweza kupanda vichaka vidogo mia moja ukajisifu, kumbe umetega mitego mia moja.

Ndiyo maana kazi yenyewe huonekana hivi: kipande cha msitu kinachaguliwa karibu na mahali ambapo sungura bado wapo, miti inaangushwa, mara nyingi wakati ardhi imeganda, na visiki vinaachwa. Visiki vinachipua, mbegu zilizolala udongoni zinapata jua, na baada ya miaka michache hupenyi humo bila kuchanika nguo. Kichaka hicho nacho kitazeeka, hivyo kipande kingine hukatwa kwa zamu. Hata njia za nyaya za umeme, ambazo hukatwa miti mara kwa mara ili isiguse nyaya, zimekuwa makazi mazuri. Hii haimpi mtu ruhusa ya kuingia msitu wowote na kufyeka. Ni kipande hiki, kwa sababu hii, kwa mnyama huyu.

Kumhesabu nako ni shughuli. Vilabu vya uwindaji vilileta sungura wa aina nyingine, Sylvilagus floridanus, naye anafanana na mwenyeji karibu kila kitu, ila anavumilia zaidi maeneo ya wazi. Kuwatofautisha kwa macho ni kubahatisha, kwa hiyo watu hupita juu ya theluji wakiokota vinyesi ili vikapimwe vinasaba maabara. Bila hivyo unaweza kurejesha makazi, ukaona sungura wamejaa, na wote wakawa wageni.

Sasa hilo la hiari. Mwaka 2006 serikali kuu ya Marekani ilikiri kwamba sungura huyu anastahili kulindwa chini ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya 1973, ikamweka kwenye foleni. Wenye ardhi walijua kwamba akiingizwa rasmi kwenye orodha ya wanaolindwa, masharti yatawafuata mashambani mwao. Hapo ndipo makubaliano yalipopata nguvu: mwenye ardhi anayetengeneza makazi mapema huahidiwa kwamba hata sheria ikija baadaye, hatadaiwa zaidi ya alichokubali. Wizara ya kilimo nayo hulipa sehemu ya gharama za kazi. Mwaka 2012 majimbo hayo sita na serikali kuu walitoa mkakati wa pamoja, na Septemba 2015 Shirika la Samaki na Wanyamapori la Marekani liliamua kwamba hakuna haja ya kumwingiza kwenye orodha. Makadirio ya wakati huo yalikuwa sungura wapatao 10,500, na lengo ni 13,500 ifikapo 2030. Kwa hiyo hiari hapa ilikuwa na sheria nyuma yake na fedha mbele yake. Ukiviondoa vyote viwili ukabaki na semina na fulana, usishangae wenye ardhi wakikupigia makofi na kurudi kwao.

Watu wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa haya kutoka New England. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulipata mafanikio yake makubwa uliporudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza ili lipumzike hadi kiangazi. Familia na vijiji vilifunga maeneo yao, na mizizi na visiki vilivyokuwa hai chini vikachipua vyenyewe. Huko miti ilitakiwa, New England vichaka vilitakiwa, na kote kuwili ni kurejesha.

Basi ukimsikia mtu anasema anarejesha makazi, mwulize kwa upole: makazi ya nani? Asipokuwa na jibu zaidi ya idadi ya miche, anachofanya ni kupanda miti. Ni kazi njema na ina jina lake, aliite hilo.