Ubora wa makazi ya malezi kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili: unapimwaje?

Makazi ya malezi ni mahali ambapo mtu mzima analala, anakula na kuishi huku akisaidiwa katika yale asiyoyaweza peke yake. Yanaweza kuwa kituo cha masista chenye vitanda hamsini, nyumba ya kawaida ya watu wanne na mhudumu wa usiku, au familia iliyokubali kumpokea mtu. Tunapouliza ubora wake, kwanza tusidanganywe na jengo. Vigae, jenereta, rangi mpya ukutani, gari lenye jina la mfadhili: vyote hivyo vinapendeza kwenye picha, lakini havikuambii mkaazi ameshindaje leo.

Tujue pia tunamzungumzia nani. Ulemavu wa akili huanza kabla ya mtu kukomaa: anachelewa kujifunza, na mambo kama kuhesabu pesa, kupika au kupanda basi yanamshinda au yanamchukua muda mrefu. Ugonjwa wa akili ni kitu kingine. Unaweza kumpata yeyote, hata ukubwani, na una matibabu yake. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, viwili hivi huchanganywa sana, ndiyo maana familia iliyochoka humpeleka ndugu yao SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya watawa wa Frères de la Charité. Wakikuta ana kifafa au fadhaa watamtibu, kisha watamruhusu, kwa kuwa hospitali si makazi. Sababu za ulemavu wenyewe ni nyingi: hali ya Down, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, na watoto waliodumaa akili kwa sababu mama zao walikosa madini joto. Baadhi ya watoto wa wakati ule leo ni wazee.

Na hapo ndipo penye shida. Zamani wengi hawakufika uzeeni. Marekani, mtu mwenye hali ya Down alitarajiwa kuishi miaka kama 25 mwaka 1983. Sasa anafikia 60 hivi. Mtoto anamzika mama yake. Swali la kila mama mwenye mtoto kama huyo, nikifa atabaki na nani, ndilo linalozaa makazi ya malezi, mazuri na mabaya.

Robert Schalock, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyagawa maisha bora katika nyanja nane: utulivu wa moyo, uhusiano na watu, mali, kujifunza, afya ya mwili, kujiamulia, kushiriki katika jamii, na haki. Vituo vingi duniani hutumia mgawanyo huu. Ni mzuri, ila fomu yenye visanduku nane inajazika ofisini bila mtu kuinuka kwenye kiti. Mimi nawaamini zaidi waliokaa ndani ya nyumba wakatazama. Uingereza, Jim Mansell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kent walifanya hivyo: kila baada ya muda mfupi waliandika mkaazi anafanya nini na kama kuna anayemsemesha. Walichokiona ni kwamba kuwatoa watu kwenye vituo vikubwa na kuwaweka katika nyumba ndogo kulisaidia, lakini nyumba ndogo zenyewe zilitofautiana sana. Tofauti ililetwa hasa na namna wahudumu walivyomsaidia mtu afanye jambo mwenyewe.

Chukua maharagwe. Jikoni kuna karai la maharagwe ya kuchambua. Mhudumu mwenye haraka atayachambua peke yake kwa robo saa, huku wakaazi sita wameketi kwenye benchi ukumbini, redio inalia. Mhudumu anayeijua kazi atamwita mmoja wao, tuseme Papa wa miaka arobaini asiyesema. Atamwekea kiganja kimoja cha maharagwe kwenye sahani nyeupe ili mawe yaonekane, atamwongoza mkono mara mbili tatu, kisha atamwachia. Kazi itachukua saa nzima, na jiwe moja litapita, na mtu atalilalamikia mezani. Lakini kwa saa hiyo Papa yule alikuwa na kazi, alikuwa na mwenzake, na bugali ya jioni ameila akiwa amechangia mboga yake. Kituo cha kwanza ni kisafi zaidi na kinawahi kupika. Cha pili ndicho bora.

Kujiamulia nako huonekana katika vitu vidogo kama hivi. Anaamka anapotaka, au wote wanaamshwa kwa kengele? Shati ni lake, au limetoka kwenye rundo la nguo za wote? Akitaka sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) wakati wenzake wanakula sombe (kisamvu), kuna anayemsikiliza? Na anaitwaje: mwanaume mwenye mvi kuitwa "toto" na kijana wa miaka ishirini, mbele ya wageni, hapa kwetu hatuhitaji mtaalamu atueleze maana yake.

Kuhusu pesa, kuna visa viwili vya kuvisoma pamoja. Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, Uingereza, iliyolipwa kwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mtu. Mwaka 2011 mwandishi wa BBC aliyejifanya mhudumu alirekodi kwa siri wakaazi wakipigwa na kudhalilishwa. Wafanyakazi 11 walihukumiwa, sita kati yao wakafungwa. Muuguzi mmoja alikuwa ametoa taarifa mapema kwa wakaguzi, hawakumsikiliza. Kisa cha pili ni cha Afrika Kusini. Kati ya mwaka 2015 na 2016, idara ya afya ya Gauteng, ikisema inapunguza gharama, ilivunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa ikiwatunza wagonjwa, na kuwatawanya watu wapatao 1,700, wengi wagonjwa wa akili na wengine wenye ulemavu wa akili, kwenye mashirika 27 yasiyo ya kiserikali na hospitali kadhaa. Uchunguzi ulionyesha kwamba leseni za mashirika yote hayo hazikuwa halali. Watu 144 walikufa, wengi kwa njaa, kiu, baridi na kutotunzwa, na baadhi ya familia hazikujua ndugu yao amepelekwa wapi.

Kwingine pesa zilijaa, kwingine hazikuwapo. Kilichofanana ni mlango. Winterbourne View jamaa waliishia chumba cha wageni, hawakuruhusiwa kufika vyumba vya kulala. Gauteng walizunguka wakitafuta anwani. Kwa hiyo kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechukua hiki: je, dada yake anaweza kufika Jumanne saa nne asubuhi bila kupiga simu, akaingia hadi kitandani kwa ndugu yake? Sikukuu ya Noeli haihesabiki, siku hiyo kila kituo kina soda.

Mwili nao husahaulika. Asiyeweza kusema "jino linauma" atajipiga kichwa ukutani, na watasema ndiyo tabia yake. Kufunga choo, jambo dogo kwa wengine, limewaua watu katika makazi ya Uingereza, nchi yenye hospitali kila upande. Kupaliwa na chakula vilevile. Na kwetu kuna fenobarbital ya kifafa: ikiisha kituoni na mtu akaikosa ghafla siku kadhaa, degedege linaweza kumshika lisikatike. Kuna pia dawa zinazotolewa ili watu wakae kimya. Mwaka 2015 ilikadiriwa kwamba Uingereza watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu huu walikuwa wakimeza kila siku dawa za magonjwa ya akili wasiyokuwa nayo. Ukikuta ukumbi mzima umetulia kupita kiasi, omba kuona daftari la dawa.

Upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Nchi ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki zao, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake yenyewe, namba 22/003. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema mtu achague pa kuishi na wa kuishi naye. Mwaka 2017 kamati ya mkataba ilifafanua kwamba kinachofanya mahali pawe kituo cha kufungia watu si idadi ya vitanda: hata nyumba ya watu watano, hata nyumba ya mtu mmoja, ni kituo kama ratiba ni ya lazima kwa wote na mtu hana kauli juu ya nani anamwogesha.

Ukiusoma ufafanuzi huo ukiwa Kadutu au Bagira, mitaa yetu ya Bukavu, unatugusa sisi wenyewe, kwani makazi ya malezi ya wengi hapa ni chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka, na mhudumu ni mke wa kaka, ambaye hakuna aliyemuuliza. Vipimo ni vilevile: anatoka? Ana kazi mkononi? Anakula na wengine au baada yao? Tofauti ni kwamba kituo kinaweza kuajiri mtu wa zamu, ilhali mke wa kaka hana wa kumpokea. Familia inayogawana zamu, hata Jumamosi moja kwa mwezi kwa kila ndugu, imekwisha kuinua ubora wa malezi hayo kabla mfadhili hajafika.

Wanaofikiria kituo waulize kuhusu usiku. Wanabaki wahudumu wangapi baada ya saa mbili, kwa wakaazi wangapi, na mwenye ufunguo wa kabati la dawa analala wapi? Waulize pia mhudumu wa mwisho kuacha kazi aliondoka lini na kwa nini. Na kabla ya kumhamisha mtu, mama aandike, au aandikiwe, vitu anavyovijua yeye tu: anavyosema ndiyo, chakula kinachompalia, anavyofanya kichwa kinapomuuma, wimbo unaomtuliza. Nakala moja iende kituoni, nyingine ibaki kwa ndugu atakayekuwa akimtembelea.