Chai iliyogeuka "shé"

Tovuti ya duka moja la vyakula hapa Lubumbashi niliimaliza nikiwa na kifua mbele. Kurasa zote Kiswahili, na programu ya kukagua ufikivu, yaani kama hata asiyeona anaweza kuitumia tovuti, haikuona kosa hata moja. Nikampelekea jirani yangu wa Katuba, mwalimu asiyeona, aisikilize kwenye kompyuta yake.

Hakumaliza hata ukurasa wa kwanza. "Papa, huyu muzungu anauzisha nini?"

Nikasogea. Sauti ilikuwa inasema "shé". Ni chai hiyo! "Jumla" nayo ilianza na j ya "jardin", na kila u ilibanwa midomoni kama ile ya "rue".

Mwalimu anatumia NVDA, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye naye haoni. Sauti inatolewa na programu nyingine, eSpeak NG, nayo Kiswahili inakijua. Basi kosa lilikuwa langu. Kiolezo nilichotumia kilikuwa cha Kifaransa, na mstari wake wa juu, unaotaja lugha ya ukurasa na usioonekana na msomaji, ulibaki hivi: <html lang="fr">. Kisoma skrini hakikisii lugha kwa kuangalia maneno; kinatii mstari huo. Ukikiambia Kifaransa, kitasoma "bei ya unga" kwa Kifaransa.

Nikabadilisha herufi mbili tu: lang="sw". Mwalimu akafungua upya, akacheka.

Programu ya ukaguzi haikuliona kwa sababu "fr" ni lugha halali. Yenyewe hutazama kama lugha imetajwa, si kama ndiyo yenyewe. Katika WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu, jambo hili liko ngazi A, ile ya chini kabisa. Nami nilikuwa nimeshughulika na ulinganuzi wa rangi, maandishi yaonekane wazi juu ya rangi iliyo nyuma yake, nikiona nimefika mbali.

Sisi wa huku tunachanganya, kwa hiyo kazi haiishii hapo. Aya nzima ya Kifaransa, kama ile ya masharti ya kurudisha bidhaa, inawekewa lang="fr" yake peke yake. Lakini neno mojamoja lililokwisha kuingia katika maongezi yetu liache. Miongozo yenyewe inaruhusu, na sauti ikirukaruka kati ya lugha mbili ndani ya sentensi moja inachosha sikio.

Mwalimu akauliza tena: "Sawa, na bei ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya picha, tangazo lile lile mwenye duka analotuma kwenye WhatsApp. Kwenye alt, yaani maelezo ya picha ambayo kisoma skrini husoma, kulikuwa na jina la faili tu, herufi na namba ndefu, na ndilo alilosomewa; programu ya ukaguzi iliona maelezo yapo, ikaridhika. Jioni hiyo nikaziandika bei zote kama jedwali lenye vichwa vya safu. Picha nikaiacha kwa ajili ya wanaoona, nikaipa alt="", maelezo matupu, ili kisoma skrini kiiruke.