Nini Maana ya Kusasisha Meinifremu?

Meinifremu ni kompyuta kubwa ya taasisi, iliyoundwa ili maelfu ya watu waitumie kwa wakati mmoja na miamala yao isipotee hata kifaa kimojawapo ndani yake kikiharibika. Isichanganywe na kompyuta za kisayansi zinazokokotoa utabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa hizo hupimwa kwa kasi ya hesabu, ilhali meinifremu hupimwa kwa wingi wa miamala inayoikamilisha bila kosa. Mteja wa benki kubwa ya Marekani au Ulaya anapotoa fedha kwenye mashine ya ATM, mara nyingi salio lake husomwa na kuandikwa upya katika kompyuta ya aina hii.

Ukoo wa meinifremu zinazojulikana zaidi ulianza tarehe 7 Aprili 1964, IBM ilipotangaza System/360. Kabla ya hapo, kampuni iliyonunua kompyuta kubwa zaidi mara nyingi ililazimika kuandika programu zake upya. Ukoo huu mpya uliahidi kwamba programu ya mashine ndogo itafanya kazi kwenye kubwa pia. Ahadi hiyo imetunzwa kwa zaidi ya miaka 60. Mashine zenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka michache, z16 ikitoka mwaka 2022 na z17 mwaka 2025, lakini programu zilizoandikwa kwa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959, huendelea kutumika, zikitiwa kiraka hapa na nyongeza pale na watu ambao wengi wao wamekwisha kustaafu. Anayeiita meinifremu chuma cha kizamani anakosea mahali ulipo uzee: chuma ni kipya, programu ndizo kongwe, na kinachopotea kila mwaka ni ujuzi wa kwa nini ziliandikwa vile.

Kusasisha, basi, ni jina la jumla la kazi ya kuzitoa programu hizo, au kanuni zilizomo ndani yake, katika hali ambayo hakuna anayethubutu kuzigusa. Taasisi moja huziacha palepale na kuzifungulia mlango, ili programu ya simu iulize salio moja kwa moja. Nyingine huzihamishia kwenye seva za kawaida bila kuzibadili. Nyingine huzitafsiri kutoka COBOL kwenda Java, lugha ya kompyuta iliyo mpya zaidi, au huzitupa na kununua mfumo mpya. Njia ya kwanza hudharauliwa isivyostahili. Ni ya bei nafuu kuliko kuandika upya, na inawapa mafundi muda wa kuusoma mfumo kabla ya kuukata.

Hata asiyehama ana kazi ya kusimamia. Kwa mikataba mingi, ada ya programu za meinifremu hutegemea kilele cha matumizi ya mwezi, kinachopimwa kwa wastani wa saa 4 mfululizo, na kwa hiyo msimamizi mwangalifu huziondoa kazi zisizo za haraka kwenye saa za msongamano.

Ugumu wenyewe huonekana mtu akiikaribia data. Katika meinifremu herufi huhifadhiwa kwa mpangilio wa EBCDIC, ambamo A ni namba 193, wakati seva za kawaida hufuata ASCII, ambamo A ni 65. Kugeuza namba hizo ni rahisi. Taabu ni kwamba katika EBCDIC tarakimu huja baada ya herufi, na katika ASCII huja kabla yake. Orodha ya akaunti zenye herufi na tarakimu, ikipangwa usiku, itatoka kwa mfuatano mwingine, na programu iliyouzoea mfuatano wa awali inaweza kuruka rekodi bila kutoa onyo lolote.

Hesabu nazo zina mtego wake. COBOL hukata senti zinazozidi, isipokuwa mwandishi ameagiza wazi zikadiriwe, hivyo riba ya shilingi 12.678 huandikwa 12.67. Mfumo mpya ukiandika 12.68, tofauti ni senti moja; kwa akaunti milioni 1, senti hizo ni shilingi 10,000 kwa usiku mmoja, na daftari kuu halitalingana.

Kuhama kwa mkupuo kuna hatari nyingine. Mwezi Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza iliacha mfumo wa benki ya Lloyds iliokuwa ikiutumia na kuwahamisha wateja wake milioni 5.2 karibu wote kwa pamoja. Data ilifika salama, lakini jukwaa jipya lilianza kushindwa mara moja, wateja wengi wakakosa kuzifikia akaunti zao, na mambo hayakurudi kawaida hadi Desemba. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Ndiyo maana mafundi makini huiendesha mifumo miwili sambamba. Kila usiku mfumo wa zamani na mpya hupewa miamala ileile, na matokeo hulinganishwa senti kwa senti, kila tofauti ikitafutiwa mstari wa programu ulioizaa. Kipindi hicho hakina budi kuvuka mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka wa fedha, kwa sababu zipo kanuni zinazoamka siku hizo tu. Na tarehe 29 Februari ijaribiwe kwa data ya kubuni, ikiwa mwaka mrefu uko mbali.