Mchungaji Anapogeuka: Maana ya Sehemu za Ibada ya Jumapili

Neno liturujia, yaani utaratibu wa ibada, limetokana na neno la Kigiriki leitourgia, ambalo katika miji ya Wagiriki wa kale lilitaja utumishi ambao raia mwenye mali aliufanya kwa gharama yake kwa ajili ya umma, kama vile kugharimia waimbaji wa sikukuu au kuhudumia merikebu ya vita. Wakristo walipolichukua neno hilo lilikuja na swali lake: katika ibada, ni nani anayemtumikia nani? Jibu la Kilutheri, ambalo Philipp Melanchthon, mwenzake Martin Luther, aliliandika mwaka 1531 alipokuwa akiutetea Ungamo wa Augsburg, tamko la imani la Walutheri, ni kwamba kuna matendo ambayo ndani yake Mungu hutupa sisi kitu, nayo ni sakramenti, na kuna matendo ambayo sisi humtolea Mungu, nayo ni dhabihu.

Tofauti hiyo huonekana hata kwa mtu asiyesikia neno lolote. Katika sharika nyingi za Kilutheri, zikiwemo za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kiongozi wa ibada huelekea madhabahuni anaposema na Mungu kwa niaba ya watu, na hugeuka kuwatazama washarika anaposema nao kwa niaba ya Mungu. Kwa hiyo ungamo la dhambi husemwa wote wakielekea upande mmoja, mchungaji akiwa mwenye dhambi miongoni mwa wenzake, lakini msamaha hutangazwa uso kwa uso. Anayeufahamu mgeuko huo ameshafahamu nusu ya liturujia.

Baada ya msamaha husikika «Bwana, utuhurumie», na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba wanarudia kutubu dhambi zilizokwisha kusamehewa dakika moja iliyopita. Maneno hayo, kwa Kigiriki Kyrie eleison, ni kilio cha mhitaji kuliko cha mkosaji. Ndicho kilio cha Bartimayo kipofu kando ya njia ya Yeriko, ambaye hakuwa akiungama chochote bali alitaka kuona. Msafiri mmoja wa kike aitwaye Egeria, aliyefika Yerusalemu mwishoni mwa karne ya nne, aliandika kwamba shemasi alipokuwa akitaja majina ya watu wa kuombewa, watoto waliokuwa wamesimama hapo waliitikia kila jina kwa maneno hayo hayo. Kanisa la Roma liliyatumia katika Kigiriki ingawa ibada yake ilikuwa katika Kilatini. Wimbo wa «Utukufu kwa Mungu juu» unaofuata unaanza na maneno ya malaika waliowatokea wachungaji wa kondoo, katika Luka 2:14: mhitaji amelia, naye anajibiwa kwa habari ya kuzaliwa kwa Mwokozi.

Sala ya kolekta ni fupi, nayo hupita bila kuangaliwa, jambo ambalo naliona kuwa hasara. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukusanya. Kiongozi husema «Tuombe», kisha, kwa desturi ya zamani, hunyamaza kidogo ili kila mtu aombe lake moyoni, ndipo anapoyakusanya maombi hayo yote katika sentensi moja. Ukimya huo ukiondolewa, kiongozi anabaki hana cha kukusanya.

Masomo, mahubiri, sala na Chakula cha Bwana vilikuwa vimeshapangwa kwa utaratibu huo katikati ya karne ya pili. Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa wakati huo, alipoandika huko Roma yapata mwaka 155, alieleza kwamba siku ya Jumapili zilisomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kwa kadiri muda ulivyoruhusu, kisha kiongozi akahubiri, wote wakasimama kuomba, wakaletewa mkate, divai na maji, na kiongozi alipomaliza kushukuru watu wakaitikia «Amina». Neno hilo moja Yustino hakulipita kimya, maana alilifasiri kutoka Kiebrania kuwa «na iwe hivyo». Lilikuwa sahihi ya watu chini ya sala waliyoombewa, na ndiyo sababu Paulo aliwauliza Wakorintho mtu asiyeelewa kilichosemwa angewezaje kuiitikia.

Yustino anaongeza kwamba wenye uwezo walitoa kila mmoja kwa hiari yake, na kilichopatikana kikawafikia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Sadaka, basi, ni sehemu ya ibada tangu zamani, na haikuingizwa kwa ajili ya bajeti ya usharika, ingawa matangazo yetu marefu yanaweza kumfanya mgeni afikiri hivyo.

Mwishoni mchungaji hugeuka mara ya mwisho, akainua mikono na kutamka maneno ya Hesabu 6: «Bwana akubarikie, na kukulinda.» Luther aliyapendekeza katika utaratibu wa ibada alioutoa mwaka 1523. Waisraeli waliambiwa maneno hayo wakiwa taifa zima, lakini yamewekwa katika umoja, «akubarikie» na si «awabarikie», hivyo hata katika kanisa lililojaa kila mmoja huambiwa peke yake. Tena mstari wa 27 unasema kwamba makuhani huliweka jina la Mungu juu ya watu, na anayebariki ni Mungu mwenyewe.

Nje, mnada unaanza. Kuku, mayai, mkungu wa ndizi na miwa iliyoletwa madhabahuni na wasiokuwa na fedha taslimu hunadiwa mbele ya watu walewale waliotoka kubarikiwa, na mwenye fedha akinunua kuku kwa bei inayozidi ya sokoni, sadaka ya jirani yake inakuwa yake pia.