Viumbe wa kisasili katika Biblia: nyati, lewiathani na babewatoto

Kisasili ni simulizi ya kale inayoeleza mwanzo wa ulimwengu na vita vya miungu. Kiumbe wa kisasili huishi humo, si porini. Kwenye Biblia kuna ugumu mmoja: baadhi ya viumbe hawa waandishi wa Kiebrania waliwataja makusudi, na wengine walizaliwa mezani kwa mfasiri.

Wa mezani anayejulikana zaidi ni mnyama wa pembe moja. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inamtaja mara 9. Kiebrania kina neno re'em. Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki waliandika monokeros, yaani mwenye pembe moja, na Kilatini kikayumba, mara pembe moja, mara kifaru. Anayeumbua kosa ni Kumbukumbu la Torati 33:17: pembe ni zaidi ya moja, ila re'em ni mmoja. Wafasiri wa 1611 wakamgeuza mnyama awe wingi ili hesabu ikae sawa, kisha wakakiri pembeni mwa ukurasa kwamba Kiebrania kina umoja. Leo wataalamu wengi humtambua re'em kuwa ng'ombe-mwitu mkubwa, kwa kuwa Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, nacho kina rimu, fahali wa mwitu. Ng'ombe huyo alitoweka kabisa mwaka 1627 huko Polandi.

Union Version ya Kiswahili (1952) iliandika nyati. Si mnyama yuleyule, lakini nadhani ni chaguo zuri kuliko yote. Ayubu 39:9-10 inauliza kama mnyama huyo atalala zizini na kulima kwa kufungwa kamba. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa anayelima kwa plau ya ng'ombe hahitaji maelezo. Anajua nyati hafungwi nira.

Kwa Behemothi wa Ayubu 40:15 mambo si mepesi. Jina lenyewe ni wingi wa neno la kawaida la hayawani, unaotumika hapa kama kusema "hayawani wa hayawani". Union Version imeandika kiboko. Kula nyasi, kulala mateteni, kutulia mto ukifurika: yote yanamfaa. Kisha unafika mstari wa 17, mkia kama mwerezi. Aliyewaona viboko wa bwawa la Mtera anajua mkia wao ni kipande kifupi tu. Mfasiri akishaandika "kiboko", mstari huo humgeuka. Biblia ya Habari Njema imekwepa mtego kwa kuliita "dude" na kuliachia jina lake. Anayekalimani kwa Kigogo ibadani hukumbana na uchaguzi huohuo, tena bila muda wa kufikiri.

Lewiathani ndiye wa kisasili hasa. Zaburi 74:14 inampa vichwa, si kichwa. Mabamba ya udongo ya Ugariti, mji wa kale wa pwani ya Siria ulioanza kufukuliwa mwaka 1929, yanamtaja Lotan, joka la vichwa saba, kwa sifa zilezile za Isaya 27:1: nyoka mwepesi, nyoka mwenye kujizongazonga. Mshairi wa Kiebrania aliazima picha ambayo wasikilizaji wake waliijua, akaiweka chini ya Mungu wake. Sasa angalia Union Version: katika Zaburi na Isaya ni lewiathani, lakini katika Ayubu 41:1 ni mamba. Anayesoma kwa Kiswahili tu hawezi kujua kwamba ni jina lilelile, na akifika mienge ya moto inayotoka kinywani atashangaa ni mamba gani huyo. Ukitafuta sura hii kwenye Biblia ya Kiebrania, kumbuka 41:1 yetu ni 40:25 kwao.

Isaya 34:14 ina neno lilit, linalopatikana mara hii moja tu. Kwa majirani wa Israeli lilihusiana na pepo wa kike wa usiku, na baadaye Wayahudi walimwogopa kwa ajili ya watoto wachanga. Kilatini kiliandika lamia, jini jike mla watoto. Kiingereza cha 1611 kikamfanya bundi. Union Version ikaandika babewatoto: ndege wa jamii ya bundi, ambaye imani za zamani zilimhusisha na maradhi ya watoto. Neno moja likashika ndege na hofu kwa pamoja. Ni bahati mbaya kwamba wasomaji wengi wa leo hawalijui, hivyo hulipita tu.

Rahabu naye huwachanganya wengi. "Uliyemkata Rahabu vipande vipande" katika Isaya 51:9 si yule mwanamke wa Yeriko. Kwa Kiebrania majina hayo yana herufi mbili tofauti katikati, he kwa joka na heth kwa mwanamke, ila Kiswahili kinaziandika zote h. Rahabu wa Isaya 51, Zaburi 89:10 na Ayubu 26:12 ni joka la bahari, na katika Isaya 30:7 ni jina la kuidhihaki Misri.