Vidole vitatu na karatasi moja: ninavyofuatilia fidia ya wafanyakazi hapa Mwanza

Kijana mmoja alikuja ofisini Jumatatu asubuhi, mkono wa kulia ameuchimbia kwenye mfuko wa koti. Jua la Mwanza lilikuwa limeshapanda na koti halikuwa na kazi yoyote, kwa hiyo nikajua kuna kinachofichwa. "Shikamoo wakili," akasema, akaketi, akautoa. Vidole vitatu havipo.

Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, zamu ya usiku, upande wa mashine ya kuchuna ngozi. Kampuni ilimpeleka hospitali, ikalipa bili, ikampa shilingi laki tatu na karatasi aisaini. Akasaini kwa mkono wa kushoto. Kisha akaambiwa, "Ukipona, urudi." Aliporudi akakuta mlinzi ana orodha ya watu wa kuingia na jina lake halimo. Siku anaketi mbele yangu, miezi kumi ilikuwa imepita tangu aumie.

Aliniuliza swali ambalo karibu wote huanza nalo: "Naweza kuwashtaki?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wengine: kabla ya shtaka kuna dai, na dai lako halianzii mahakamani.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake, WCF. Mfuko ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hachangii hata senti, na mwajiri haruhusiwi kumkata mshahara kwa ajili hiyo. Ukiona makato ya "fidia" kwenye hati yako ya mshahara, uliza siku hiyo hiyo.

Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya enzi ya mkoloni iliyoweka ukomo wa fidia kwa tarakimu za shilingi. Shilingi ikaporomoka, tarakimu zikabaki palepale, hadi hata mtu aliyelemaa kabisa akawa anastahili laki moja na ushee tu. Wazee waliofanya kazi kwenye majineri, vile vinu vya kuchambulia pamba, wanaikumbuka hali hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wengi hawadai hadi leo. Walirithi imani kwamba fidia ni nauli ya kurudi kijijini. Sivyo ilivyo sasa.

Jambo ninalolirudia mpaka mteja alishike ni hili: kwenye Mfuko huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliumia kwa sababu ya kazi na ukiwa kazini. Hata kama uliteleza mwenyewe, au ulisahau kuvaa glovu kwa sababu umechoka na ni saa tisa usiku, hilo peke yake halikufuti. Kijana wangu alikaa miezi kumi kimya kwa sababu supavaiza alimwambia, "Kosa lako, ulikuwa unasinzia." Alilibeba neno hilo kama hukumu.

Malipo yenyewe hayana siri. Matibabu yanalipwa. Ukiwa hujaweza kurudi kazini, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Jeraha likishafika kikomo chake cha kupona, daktari anapima ulemavu uliobaki na kuutaja kwa asilimia. Ukiwa hauzidi asilimia 30, unalipwa mkupuo mmoja: asilimia 70 ya mshahara, mara miezi 84, mara asilimia ya ulemavu. Ukizidi asilimia 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo ya utengamao (kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi na maisha yake), ya mtu wa kumhudumia aliyeumia vibaya, ya mazishi, na ya wategemezi mfanyakazi akifariki.

Piga hesabu uone uzito wake. Mshahara wa laki nne, asilimia 70 ni 280,000. Zidisha mara 84 upate 23,520,000. Ulemavu ukipimwa asilimia 20, mkupuo ni 4,704,000. Liweke hilo kando ya zile laki tatu alizopewa kijana.

Lakini tazama tarakimu ya kwanza kabisa ya hesabu hiyo: mshahara. Hapo ndipo wafanyakazi wa ukanda huu wanaumizwa mara ya pili. Kuna waajiri wanaomlipa mtu laki nne mkononi na kuandika laki moja na nusu kwenye orodha wanayopeleka serikalini, ili michango iwe midogo. Siku zote hizo mfanyakazi haoni ubaya, kwani fedha anaipata. Siku akiumia, anahesabiwa kwa ile laki moja na nusu. Mkupuo uleule wa asilimia 20 unashuka hadi 1,764,000. Na kwa mwenye pensheni, pengo hilo ni la kila mwezi, maisha yake yote. Ndiyo maana nikipokea mteja wa fidia, kabla sijauliza habari za mashine nauliza habari za malipo: ulilipwa wapi, na nani, kwa njia gani? Benki inatoa taarifa ya akaunti. Aliyelipwa kwa simu ana jumbe, na kampuni ya simu inaweza kumtolea taarifa ya miamala. Aliyelipwa taslimu kwa kusaini daftari lazima tutafute wenzake waliosaini ukurasa uleule. Nimewahi kukaa kibandani Igoma nusu siku nikinywa chai, nikisubiri zamu itoke, ili niongee na watu wanne tu waliokuwa wanapanga foleni moja na mteja wangu siku za malipo. Kazi ya uwakili katika mashauri haya kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo.

Kisha swali la pili ambalo waajiri hulitumia kama ngao: "Huyu si mfanyakazi wetu, ni kibarua." Au, "Ni wa wakala." Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya haya: unaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi ile, umefanya kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi unayemfanyia kazi, unapewa vifaa naye, au unamfanyia yeye peke yake. Saa 45 kwa mwezi! Kibarua wa kiwanda cha samaki anazimaliza ndani ya wiki moja. Na pale mwajiri anaposhindwa kuleta mkataba wa maandishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Kwa hiyo usiseme "sina mkataba" kama mtu anayekiri dhambi. Kukosekana kwa karatasi ile ni kasoro ya mwajiri.

Muda ndio unaonikosesha usingizi. Ajali inatakiwa kutolewa taarifa mapema, na mwajiri akishajua ana siku 7 za kuuarifu Mfuko. Haki yenyewe inapotea miezi 12 ikipita bila taarifa kutolewa. Kijana alikuwa amebakiza miezi miwili. Barua ya taarifa tuliiandika siku ileile, tukaipeleka kwa mikono, nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una thamani kuliko hotuba yoyote ninayoweza kuitoa mahakamani.

Halafu kuna saa nyingine inayokimbia kando yake, na watu wengi hawaijui. Mtu akiachishwa kazi isivyo halali, anatakiwa kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Fidia ya jeraha ina mlango wake na kuachishwa kazi kuna mlango wake. Nimeona watu wakisubiri fidia ikamilike ndipo waulizie kazi, na Tume ikawaambia wamechelewa. Kwa kijana ilinibidi niombe kwanza kuongezewa muda, nikieleza miezi ile aliyoipitisha wodini, kliniki, na kwenye ahadi ya "ukipona, urudi". Maombi ya namna hiyo hayana uhakika. Angekuja ndani ya mwezi ule aliokatazwa getini, tusingekuwa na haja nayo.

Na ile karatasi aliyosaini? Ilisema "amepokea shilingi 300,000 na hatakuwa na madai mengine". Karatasi kama hiyo inatisha, hasa ikiwa na muhuri wa kampuni. Lakini haki ya kudai kwenye Mfuko umepewa na sheria, na mwajiri hawezi kuinunua kwa laki tatu kando ya kitanda cha mgonjwa. Ukishasaini, usijifungie ndani. Njoo nayo.

Sasa hospitali. Anachoandika tabibu wa zamu katika dakika za kwanza hubaki kwenye faili miaka yote. Tulipochukua cheti cha kijana tulikuta "jeraha la kukatwa, nyumbani". Aliyempeleka ndiye aliyejieleza kwa niaba yake, na yeye alikuwa na maumivu kiasi cha kutosikia. Kuliondoa neno "nyumbani" kulituchukua wiki sita, mashahidi watatu na daftari la zamu. Kwa hiyo nawaomba sana mnaosindikiza wenzenu Sekou Toure, Bugando au zahanati yoyote: semeni kwa sauti kwamba ameumia kazini, mtaje na mashine, na msubiri muone imeandikwa. Vivyo hivyo mtu asikubali kutibiwa kwa kadi yake ya bima kama mgonjwa wa kawaida ili "mambo yaende haraka". Yataenda haraka siku hiyo, kisha yatakwama mwaka mzima. Dereva au utingo aliyeumia barabarani akiwa kazini ahakikishe fomu ya polisi, PF3, ipo.

Je, unahitaji wakili? Si lazima. Dai kwa Mfuko halina ada, na mfanyakazi mwenye nyaraka safi na mwajiri muungwana anaweza kulifikisha mwenyewe. Wakili au mwakilishi anahitajika pale mwajiri anapokana ajali, mshahara unapogombaniwa, asilimia ya ulemavu inapoonekana ndogo kuliko jeraha, au mtu anapokufa na wategemezi hawaelewani. Mbele ya Tume unaweza pia kusindikizwa na chama chako cha wafanyakazi au mwakilishi uliyemchagua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo kwenye kata zetu. Wanaonitia uchungu ni vishoka wanaozunguka wodini na kwenye mageti ya viwanda, wakiomba nusu ya fidia "ili waisukume". Mtu akijiita wakili, jina lake litafute kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Mimi sichukui fungu la mkono wa mtu. Natoza kwa kazi niliyoifanya, tumekubaliana kwa maandishi, na asiye nacho namwelekeza kwenye msaada.

Usiporidhika na uamuzi wa Mfuko, unaomba upitiwe upya, unakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na mwisho Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwa mteja wangu wa kiwandani jambo hilo si dogo. Anasikia hoja zinazomhusu bila kusubiri nimtafsirie kwenye korido.

Kijana alilipwa baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Mshahara tulioupigania ndio uliotumika.

Ambao bado wananiumiza kichwa ni watu wa ziwani. Ukiwauliza wavuvi wa visiwa vya Kome na Ukara au hapa mwalo wa Kirumba mwajiri wao ni nani, watasema "tajiri". Mtumbwi ni wa tajiri, injini yake, nyavu zake, taa za dagaa zake, na ndiye anayeamua watoke au wasitoke. Malipo ni mgao baada ya kutoa mafuta na chakula. Tajiri anasema hao ni wabia. Mimi nikikisoma kifungu cha 61, naona vifaa vyake, maelekezo yake, na mtu anayemtegemea yeye peke yake. Mwaka huu nina mama mmoja ambaye mumewe hakurudi usiku wa mawimbi. Watoto watatu, hakuna mwenye cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tumeanza na vyeti. Wananzengo, yaani majirani zake, walichanga nauli yake ya kivuko. Alipokuja mara ya pili alikuwa na daftari la shule lililolowana na kukauka, ambamo marehemu alikuwa akiandika mgao wake wa kila mwezi: tarehe, kilo, fedha, na pembeni jina la tajiri. Nimelipiga nakala ukurasa kwa ukurasa.