Je, wajua kwa nini vinundu vya mizizi ya maharage huwa vyekundu ndani?

Chimbua shina moja la maharage wakati shamba limeanza kutoa maua, yaani wiki ya tano au ya sita tangu kupanda. Chimbua kwa jembe. Ukivuta kwa mkono, vinundu hukatika na kubaki ardhini. Osha mizizi taratibu kwenye ndoo, kisha pasua vinundu kwa ukucha.

Vikiwa vyekundu ndani, bakteria waitwao raizobia wako kazini. Huchukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia ilivyo, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalisha sukari. Lakini kimeng'enya cha kazi hiyo, yaani protini ya bakteria inayoifanya, huharibiwa na oksijeni, na bakteria haohao wanaihitaji ili wapumue. Hapo ndipo wekundu unapoingia: ni leghemoglobini, ndugu wa himoglobini ya damu yetu, inayoishika oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo.

Vyeupe ni vichanga au havifanyi kazi. Vya kijani au kahawia vimezeeka. Na kama uvimbe ni wa mzizi wenyewe, haubanduki kwa kidole, hao ni minyoo fundo, adui kabisa.

Sasa, mkulima wa Kasulu au Buhigwe akikuta vinundu vyeupe wakati wa maua, asikimbilie kulaumu mbegu. Udongo wa nyanda za juu za Kigoma umeoshwa na mvua nyingi, na sehemu nyingi una tindikali. pH, kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hunaswa udongoni. Bila fosforasi vinundu havikui, hata bakteria wawe wengi kiasi gani. Mbolea ya Minjingu, ya mwamba wenye fosforasi, hufaa hapa kwa sababu tindikali yenyewe ndiyo huiyeyusha. Chokaa ya kupunguza tindikali ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Urea nyingi nayo hudhuru kwa njia nyingine: mmea ukishashiba naitrojeni, huacha kuwalisha bakteria.

Ukinunua bakteria wa pakiti, hakikisha ni wa maharage. Wa soya hawatafanya kitu. Loanisha mbegu kwa maji yenye sukari kidogo, changanya kivulini kwa kipimo cha pakiti, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie papo hapo, kwani jua huwaua. Mbolea ya kupandia isigusane na mbegu hizo: iweke chini zaidi, utenganishe kwa udongo.